Hatua 70 kwa 70

Kijijini kwetu shamba halipimwi kwa futi kamba wala kwa mashine ya mpima. Linapimwa kwa miguu. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70, hatua za mtu mzima, na hapo kwenye "mtu mzima" ndipo maneno yanapoanzia. Mnunuzi huja na shemeji yake mrefu kama mnazi. Muuzaji naye keshamwandaa mzee mfupi, mwenye goti linalomsumbua tangu enzi za vijiji vya ujamaa. Kila upande unasema, kwa adabu kabisa, kwamba huyu wa kwetu ndiye anayelijua shamba.

Nilikuwa na miaka tisa hivi babu aliponunua kipande cha kando ya mto. Kazi yangu ilikuwa kubeba vigingi. Aliyetembea upande wetu ni mjomba, mtu mwenye miguu mirefu, na siku hiyo aliivuta kuliko Mungu alivyomjalia. Hakufika mbali, suruali ikachanika nyuma, paa! Muuzaji akapiga kelele: "Hiyo siyo hatua, huo mruko!" Mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuwa shahidi na aliyekwisha kunywa togwa ya pande zote mbili, akaamuru warudi kwenye mwembe waanze upya. Mjomba akaazima kitenge, akajifunga kiunoni, akaanza upya. Alivuta vilevile.

Nilipokutana na Pahom nilimjua palepale. Nilikuwa nimemwona kwenye kitenge.

Pahom ni mkulima wa Urusi katika hadithi fupi ya Leo Tolstoy ya mwaka 1886, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita "Mtu Anahitaji Ardhi Kiasi Gani?" Mara ya kwanza niliisikia darasani. Mwalimu alikuwa na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, akawa anasoma huku anatutafsiria papo kwa papo. Alipomaliza akaandika ubaoni: Tamaa mbele, mauti nyuma. Kengele ikalia, tukaenda kula makande.

Sina ugomvi na methali hiyo, ila naona inamfungia Pahom mlango mapema mno. Ukishamwita mtu wa tamaa huna haja ya kumsoma tena. Nami nimemsoma tena mara nyingi, na kila mara nakuta kwamba kwa sehemu kubwa ya hadithi yule bwana hafanyi jambo ambalo mimi nisingelifanya.

Inaanza na mgeni. Dada katoka mjini, kaja kumsalimu mdogo wake ambaye ni mke wa Pahom. Wanakunywa chai, na kama ilivyo kwa dada na mdogo wake, maringo yanaanza. Wa mjini anataja nguo, vyakula, matembezi. Wa shamba anajibu kwamba leo tajiri kesho omba omba, bora sisi, maisha yetu hayana unono lakini ni marefu. Pahom amejilaza juu ya jiko lao kubwa la udongo, anasikiliza. Naye anatia neno: kweli, sisi tunaoigeuza ardhi tangu utoto hatuna nafasi ya upuuzi. Tatizo letu ni moja tu, ardhi ni kidogo. Ningekuwa nayo ya kutosha nisingemwogopa hata shetani mwenyewe.

Shetani alikuwa nyuma ya jiko, amekaa, anasikia yote.

Sasa hayo maneno ya Pahom ni tamaa? Mwaka 1861 wakulima wa Urusi waliokuwa wakimilikiwa na mabwana waliachiwa huru, lakini ardhi waliyogawiwa walitakiwa kuilipia, na malipo yakapangiwa miaka 49. Wengi walipata kipande ambacho hakiwezi kumlisha mtu na ng'ombe wake. Ng'ombe akivuka mpaka, anaingia kwa mwenye mali. Pahom jirani yake ni mama mmoja mwenye ardhi, na msimamizi wa mama huyo ni mwanajeshi mstaafu anayewatoza watu faini. Leo farasi kaingia kwenye shayiri, faini. Kesho ndama kaingia kwenye nyasi, faini. Pahom akirudi nyumbani hasira anaimalizia kwa familia. Mtu wa namna hiyo akisema ardhi haitoshi, anataja tu kinachomuuma.

Basi mama anauza. Wanakijiji wanajaribu kununua kwa pamoja, wanashindwa kuelewana, kila mtu anaamua kununua kivyake. Pahom ana akiba ya rubles 100. Anauza mtoto wa farasi, anauza nusu ya nyuki wake, anampeleka mwanawe akawe kibarua, anakopa kwa shemeji. Nusu ya bei inapatikana, nyingine atalipa ndani ya miaka miwili. Anapanda, anavuna, na katika mwaka mmoja deni limekwisha. Nani kati yetu angemlaumu? Angekuwa kaka yetu tungemchinjia kuku.

Tolstoy anaweka hapo jambo dogo ambalo ni mtu aliyewahi kununua ardhi tu anayelijua. Zamani Pahom akipita pale aliona ardhi kama ardhi nyingine. Sasa nyasi zake anaziona tofauti, hata maua yanachanua kwa namna yake. Niliponunua kiwanja changu cha kwanza nilikwenda Jumapili tatu mfululizo kuangalia magugu. Magugu tu. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikayaangalia.

Kisha ng'ombe wa wenzake wanaanza kuingia kwake. Mwanzoni anawafukuza, anasamehe, anasema nao kwa upole. Halafu uvumilivu unaisha, anakwenda kushtaki, na watu wanatozwa. Ndiyo, faini. Yule yule aliyekuwa akirudi nyumbani na sumu moyoni kwa ajili ya ndama, leo ndiye anayeita baraza kwa ajili ya ndama. Tolstoy hasemi lolote juu ya hilo, wala hanyooshi kidole. Usiku mmoja mtu anakata miti yake michanga kumi. Pahom anamshuku jirani mmoja, anakwenda kupekua ua wake, hapati kitu, anamshtaki hata hivyo. Mshtakiwa anaachiwa kwa kukosa ushahidi. Pahom anawageukia wazee wa baraza, anawaambia mnakula na wezi. Sasa ana ardhi pana, lakini kijiji kimekuwa chembamba kwake.

Mimi kwangu kitovu cha hadithi ni hapo, wala siyo kule mwisho ambako kila mtu anakukumbuka. Pahom hahami kwa sababu amevimbiwa. Anahama kwa sababu hana tena anayemsalimu kwa moyo mweupe. Mpita njia anapomwambia kwamba ng'ambo ya mto Volga wanagawa ardhi bure kwa kila kichwa, na mazao yanakua yakamfunika farasi, Pahom hasikii habari za mazao tu. Anasikia mahali ambapo hajagombana na mtu.

Hapa nalazimika kusema juu ya neno lenyewe, maana Kiswahili kinatuchezea. Tamaa ndiyo ulafi: "yule ana tamaa," na midomo inabinuka. Lakini mtu aliyeanguka kabisa tunasema amekata tamaa, na ndugu zake wanamwombea asiikate. Yaani neno ni hilo hilo moja. Ukiwa nalo sana unasengenywa, likikatika unaombewa dua. Sijui lugha nyingine wanafanyaje, ila wazee waliotuachia neno hili naona walikataa kwa makusudi kuweka kigingi kati ya tumaini na ulafi. Pahom alipouza nyuki wake alikuwa na tamaa. Alipokufa alikuwa na tamaa. Kigingi kiko wapi hapo katikati? Nimekitafuta, na kila ninapodhani nimekipata nakuta nimekichomeka mahali panaponifaa mimi.

Ng'ambo ya Volga maisha yanakuwa mara kumi ya yale ya zamani. Mwanzoni panampendeza, akishazoea panambana. Anakodi ardhi, anachoka kukodi na kugombea na wenzake kila mwaka. Anampata mtu aliyefilisika anayeuza dezyatina 500, dezyatina moja ikiwa kama hekta moja na ushei, kwa rubles 1,500. Wamekaribia kukubaliana. Ndipo mfanyabiashara mmoja anasimama kwake kulisha farasi, na katika maongezi anamwambia: mimi nimetoka kwa Wabashkiri, nimepata dezyatina 5,000 kwa rubles 1,000. Unawapelekea wakubwa wao zawadi, majoho, mazulia, chai, mvinyo kwa anayekunywa. Watu wale ni kama kondoo, ukiwachangamkia wanakupa.

Wabashkiri ni watu halisi, Waislamu wa huko mbuga za mashariki ya Volga na Ural, wafugaji wa farasi. Katika hadithi wanakunywa maziwa ya farasi yaliyochachushwa, wanacheka, hawajui Kirusi. Nje ya hadithi, katika miaka ya 1870 maeneo makubwa ya ardhi yao yaliishia mikononi mwa maofisa na wafanyabiashara kwa bei ya kutupa. Msomaji aliyepitia somo la historia Tanzania hawezi kuyasoma majoho na chai ya Pahom bila kumkumbuka Mjerumani Carl Peters na mikataba yake ya mwaka 1884, na chifu Mangungo wa Msovero aliyeweka alama kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Ni miaka miwili tu kabla ya hadithi hii.

Na Tolstoy mwenyewe? Mwaka 1871 alikwenda huko huko, mkoa wa Samara, kunywa maziwa hayo kwa ajili ya afya yake, na mwaka huo huo akanunua huko dezyatina zaidi ya 2,000. Naipenda habari hii kuliko mahubiri yote aliyoandika baadaye. Ile harufu ya mbuga asubuhi, ile hesabu ya kichwani ya mtu anayetazama udongo mweusi na kuona ngano, hakuihadithiwa. Alikuwa nayo mifukoni. Miaka kumi na mitano baadaye akamvalisha Pahom.

Mkuu wa Wabashkiri, mwenye kofia ya manyoya ya mbweha, anamwambia Pahom bei yetu ni moja: rubles 1,000 kwa siku. Pahom haelewi. Siku ni kipimo gani? Ni dezyatina ngapi? Sisi hatujui kuhesabu hivyo, anajibiwa, sisi tunauza kwa siku. Utakayoizunguka kwa miguu kuanzia jua linapochomoza, ni yako. Ila usiporudi ulipoanzia kabla jua halijazama, fedha zako zimepotea. (Herodotus, mwanahistoria wa Wagiriki wa kale, ana kisa kinachofanana na hiki kuhusu Waskithia, cha mtu anayepewa ardhi kadiri ya anavyoweza kuizunguka kwa siku moja. Ila huyo alipewa farasi.)

Usiku Pahom hapati usingizi, anapiga hesabu za kulima huku na kukodisha kule. Karibu na alfajiri anapitiwa, anaota. Anamwona mkuu wa Wabashkiri nje ya hema, amejishika tumbo anacheka. Anasogea, kumbe siyo yeye, ni yule mfanyabiashara. Anasogea zaidi, ni yule mpita njia wa zamani. Mara ni shetani, ana pembe na kwato, na mbele yake amelala mtu pekupeku, mwenye shati na suruali tu. Pahom anamwangalia vizuri yule mtu. Ni yeye. Anaamka, anajisemea ndoto ni ndoto, anakwenda kuwaamsha wenyeji maana jua linakaribia.

Nami hapo hunibidi nisome polepole.

Kofia ya mbweha inawekwa chini juu ya kilima, na fedha zinawekwa ndani yake. Pahom anavua koti, anakaza mkanda, anachukua kifuko cha mkate, kibuyu cha maji na jembe dogo la kuwekea alama. Anafikiri aende upande gani, kote kuzuri. Anaelekea jua linakochomoza. Anatembea kwa mwendo wa kawaida, si haraka si pole, anachimba shimo, anarundika majani juu yake ionekane, anaendelea. Joto linapanda. Anavua viatu, anavining'iniza kiunoni, sasa kutembea ni rahisi. Anapotaka kukata kushoto, ardhi inazidi kuwa nzuri. Nitakwenda kidogo tena, anasema. Baadaye anakata kona. Mchana anakaa kidogo, anakula mkate na kunywa maji, ila hajilazi, akijilaza atapitiwa na usingizi.

Upande wa pili ameshautembea mrefu, anataka kukata kona tena, na hapo analiona bonde. Bonde dogo, lenye unyevu. Kuliacha ni huruma, anafikiri, kitani kingestawi sana hapa. Basi anaendelea moja kwa moja, analizunguka bonde, anachimba shimo lake upande wa pili.

Bonde la kitani ndilo linalomuua. Tolstoy halisemi hivyo, ila ukipiga hesabu ya siku ile utaona. Upande wa kwanza ulikuwa mrefu lakini ungevumilika. Ni kile kibonde, kisichozidi robo ya robo ya alichokwisha pata.

Nami nina bonde langu. Dalali alinipeleka kwa bodaboda pembezoni mwa mji, kiwanja 20 kwa 20, bei tukaelewana, mwenyekiti wa mtaa akaletwa, soda zikanywewa. Tukiwa tunaondoka dalali akaniambia: "Kaka, na hicho kipembe je?" Pembeni palikuwa na kipande cha pembe tatu, hakiwezi kujengwa hata banda la kuku likae vizuri. "Ukikiacha atakichukua mwingine, akuzibie upepo." Upepo! Sikuwa nimeufikiria upepo maisha yangu yote. Usiku ule niliuona ule upepo, niliona kibaraza, niliona mipapai mitatu. Nikakopa kwenye chama chetu cha akiba na mikopo kazini, miaka miwili ya makato, nikanunua kipembe. Mipapai nikaipanda, tena ikazaa. Kisha asubuhi moja nikakuta ukuta wangu wa kozi nne umepigwa alama ya X nyekundu. Kipembe kilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Kiwanja chenyewe kilinusurika, hakikuguswa hata inchi. Mdogo wangu hadi leo akipita pale anapiga simu: "Kaka, niko kwenye barabara yako."

Kilichonishangaza baadaye ni kwamba makato ya kile kiwanja kikubwa siyakumbuki kabisa. Ya kipembe nayakumbuka kila mwezi.

Tumwache huyo, turudi mbugani. Upande wa tatu Pahom anautembea mfupi tu, jua limeshaanza kuinama, na kilima kiko mbali. Shamba langu litakuwa limepinda, anajisemea, haidhuru, lazima nikate moja kwa moja. Miguu imechubuka, inamwaga damu, inalegea. Anatamani kupumzika na haruhusiwi. Anaanza kukimbia. Shati linamgandia mwilini, kinywa kimekauka, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Anaogopa asije akafa kwa kuchoka, na anaogopa kusimama: nimekimbia kiasi hiki, nikisimama sasa wataniita mjinga. Sentensi hiyo haihusu tena ardhi. Inahusu watu watakaosema.

Anafika chini ya kilima, na kwake jua limeshazama. Anataka kuacha. Anawasikia Wabashkiri wanapiga kelele, anakumbuka kwamba wao walio juu bado wanaliona. Anavuta pumzi, anapanda. Kofia ile pale. Mbele ya kofia amekaa mkuu, amejishika tumbo, anacheka. Pahom anaikumbuka ndoto, miguu inamkatikia, anaanguka kifudifudi, mikono yake inaigusa kofia.

Kwa hiyo mwalimu wangu alikosea upande. Mauti hayakuwa nyuma ya Pahom. Yalikuwa mbele, yamekaa kilimani tangu asubuhi, yanamsubiri arudi.

Miaka kumi na miwili baadaye, 1898, mwandishi mwingine wa Urusi, Anton Chekhov, alimjibu mzee Tolstoy. Katika hadithi yake moja mhusika anasema kwamba eti mtu anahitaji arshini tatu tu za ardhi (arshini ni kipimo cha urefu cha Warusi wa zamani), lakini arshini tatu ni mahitaji ya maiti. Mtu aliye hai anahitaji dunia nzima. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu Pahom angemshukuru sana, kisha angemuuliza dunia hiyo inauzwa na nani.

Tolstoy aligawa mali yake kwa mkewe na watoto mwaka 1892. Alifariki mwaka 1910 kwenye kituo cha treni cha Astapovo, akazikwa msituni kwao Yasnaya Polyana. Kaburi lake ni tuta la udongo lililoota majani. Halina jiwe wala msalaba.

Kuna kitu kimoja ambacho mwalimu alikiruka, pengine kwa sababu ya kengele. Pahom anapoanza kukimbia anatupa kila kitu. Anatupa koti, viatu, kibuyu, anatupa hata kofia yake. Anabaki na lile jembe dogo peke yake, maana anaegemea juu yake. Analibeba hadi kilimani. Mkuu anamsifu: hongera, kijana, umejipatia ardhi nyingi! Mtumishi wa Pahom anamkimbilia amwinue, damu inatoka mdomoni. Wabashkiri wanapiga ndimi zao kwa masikitiko. Mtumishi anaokota jembe lile lile, anachimba. Arshini tatu, toka kichwani hadi visiginoni. Ni mita mbili na kidogo. Kwa miguu ya mjomba, hatua mbili.